Kijana wako akikamatwa Uingereza usimwambie "sema tu yaishe"

Ndugu zangu mlioko Uingereza, simu ikiingia usiku unaambiwa kijana yuko kituoni, wengi wetu tunakimbilia kumwambia "sema tu ukweli yaishe urudi nyumbani". Jamani, subirini loya kwanza. England na Wales loya wa kituoni ni bure, uwe na karatasi usiwe nazo, na mkalimani pia bure.

Akiwa chini ya miaka 18, au ni mtu mzima ila ana shida ya akili au anaelewa kwa taabu, polisi lazima waite mtu wa kukaa naye, wenyewe wanamwita appropriate adult, mzazi au ndugu anaweza. Mimi nilikaa na mpwa wangu, akasomewa lile onyo la polisi kabla ya kuhojiwa, umeelewa? yes, kila kitu yes, si tumemlea mkubwa akiongea unaitikia. Nikaomba aulizwe aeleze kwa maneno yake. Kimya, anaangalia soksi zake tu, viatu walishamvua. Na lile onyo si dogo, kukaa kimya ni haki yako ila jambo ulilolinyamazia ukija kulitegemea mahakamani linaweza kukuumiza, ndo maana nasema loya kwanza.

Halafu mkiwa wawili USIMUULIZE "ulifanya kweli?" Maongezi yenu hayana kinga kama ya loya, unaweza kuitwa kutoa ushahidi dhidi ya mtoto wako mwenyewe.

Haya yametoka kwenye machungu. London 1972 vijana watatu, mkubwa miaka 18 na akili ya mtoto mdogo, walihojiwa bila wazazi wala loya wakakiri, wakafungwa, rufaa ikaja kuwafuta hatia 1975. Sheria ya PACE ya 1984, inayoongoza polisi wanavyokamata na kuhoji watu, chanzo chake kimojawapo ni hiyo kesi.

Wakikamatwa kundi, kama maelezo yanagongana kila mtu awe na loya wake. Jaji anatakiwa kupima kila mmoja alifanya nini, kesi za madawa anaangalia nani kiongozi na nani katumwa tu, na tangu kesi ya Jogee 2016 kuhisi tu kwamba mwenzako anaweza kuua hakutoshi kukufunga kwa mauaji, lazima iwe ulikusudia kumsaidia au kumchochea. Kwa asiye raia hapo ndo penyewe, kifungo cha miezi 12 kinafungua mlango wa kurudishwa kwao, kwa hiyo mtoto aliyesimama mlangoni asibebeshwe adhabu ya aliyepanga. Ikitokea, kukata rufaa kupinga hukumu ya Crown Court, mahakama ya kesi nzito, ni siku 28 tangu hukumu, mwambie loya siku hiyohiyo.