Kihispania cha sokoni, Granada

Nilitua Granada na daftari limejaa minyambuliko ya vitenzi, nikashindwa kununua jibini. Kwa hiyo wewe anzia sokoni, Mercado San Agustín, karibu na kanisa kuu. Ukifika kwa muuzaji usisimame tu kama mlingoti, uliza “¿Quién es el último?”, yaani nani wa mwisho. Atakayejibu ndiye unayemfuata, hata kama foleni huioni. Mimi sikuuliza, bibi mmoja akanipa somo la bure, tena kwa sauti. Kisha agiza “cuarto y mitad de queso”: robo kilo na nusu ya robo, gramu 375 za jibini. Irabu zao ni zetu zilezile tano. Kazi ipo kwenye rr: pero ni “lakini”, perro ni mbwa.

Jioni nenda baa. Ukiagiza kinywaji, hata soda, mara nyingi utaletewa kitafunwa bila kulipia, uliza “¿Esto qué lleva?”, yaani hiki kina nini ndani, kabla ya kutia mdomoni, hasa kama huli nguruwe. Waandalusia, watu wa eneo hili la kusini mwa Uhispania, humeza s za mwisho wa maneno, usidhani masikio yameziba. Maneno mengine unayo tayari: mesa, bandera, azúcar. Na “hasta” yao na “hata” yetu asili yake ni neno moja la Kiarabu.