Kuagiza besi isiyo na freti kwa fundi: andika kabla mbao hazijakatwa

Besi yangu ya kwanza isiyo na freti (gitaa la besi lisilo na vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo kugawa noti) ilifika imepambwa kama bibi harusi. Kwenye mazoezi ya kwanza mpiga kinanda alinisikiliza nyimbo mbili, kisha akauliza, "Dada, masikio yamekupata mafua?" Kila noti niliyopiga ilikuwa chini ya ile niliyoikusudia. Nilirudi nyumbani nikilaumu vidole vyangu, nikafanya mazoezi ya skeli wiki nzima, hali ikawa ile ile. Siku moja nikachukua rula. Nukta za ubavuni mwa shingo zilikuwa zimewekwa katikati ya nafasi kati ya freti na freti, kama zinavyowekwa kwenye besi yenye freti, nami nilikuwa naweka kidole juu ya nukta nikiamini noti iko hapo. Nilikuwa chini kwa robo toni hivi, tena kila mahali. Fundi hakunidanganya. Mimi sikumwambia, na yeye hakuuliza.

Basi anza na nukta. Kwenye oda yako andika kwa maneno, si kwa mchoro peke yake: "Kila nukta ya ubavuni ikae pale ambapo freti ingekuwa." Usiseme tu "nukta kama kawaida", kwa sababu kawaida ya fundi anayetengeneza besi za freti siku zote si yako.

Linalofuata ni mistari. Ubao, yaani uso wa shingo unapobonyezea nyuzi, unaweza kuwa na mistari myembamba ya mbao nyeupe mahali pa freti, au ukaachwa mtupu. Wapo watakaokwambia mistari ni ya wasio na sikio. Usiwasikilize. Jaco Pastorius, ambaye wapigaji wengi tumeijulia besi hii kupitia kwake, alitumia besi ya Fender aina ya Jazz Bass ya 1962 iliyong'olewa freti, na alama za mianya iliyozibwa zilikuwa zinaonekana. Mimi nimechagua ubao mtupu, lakini kwa sababu nyingine: nikiona mistari naacha kusikiliza. Wewe jijue.

Ubao wenyewe ndio utakaokula fikra zako nyingi, na ndivyo inavyopasa. Kwenye besi ya kawaida uzi hugusa chuma. Hapa uzi unagusa mbao moja kwa moja, kwa hiyo ugumu wa ubao unasikika na pia unalika. Rozwudi ni laini, mlio wake una joto, na nyuzi za duara, yaani zilizozungushiwa waya wa mviringo, zitaichimba mifereji mapema kuliko unavyofikiri. Eboni ni ngumu zaidi na noti husimama wima. Mpingo ni mgumu na mzito kupita zote hizo, fundi wengi hulalamika unavyomaliza makali ya vifaa, lakini ukisuguliwa vizuri unateleza kama kioo. Njia ya nne ni kuupaka ubao epoksi, ule utomvu wa plastiki unaokauka ukawa mgumu. Pastorius aliupaka wake epoksi ya boti ili uvumilie nyuzi za duara, na sehemu ya ule mwangaza wa sauti yake inatoka hapo. Ukitaka epoksi, sema tangu mwanzo, kwa sababu tabaka hilo lina unene na fundi lazima alihesabie anapochonga.

Kama besi itavuka mpaka, uliza jina la kisayansi la kila mbao, liandikwe kwenye risiti. Rozwudi na mpingo wote ni jamii ya Dalbergia, inayosimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Tangu mwisho wa 2019 ala za muziki zilizokamilika zimepewa msamaha kwa aina nyingi za jamii hiyo, ila si Dalbergia nigra ya Brazili, iliyo kwenye Orodha ya Kwanza ya mkataba huo, iliyo kali kuliko zote, tangu 1992. Hiyo usiiguse, hata ukiahidiwa kwamba ni kipande cha zamani. Kwa forodha, gitaa la umeme liko chini ya kichwa 9207 cha orodha ya bidhaa. Mwombe fundi aandike namba hiyo na thamani halisi. Thamani ya uongo itakuumiza siku mzigo ukipotea na bima ikikulipa kwa karatasi uliyotia saini mwenyewe.

Urefu wa uzi watu huupita haraka, nami nina mikono midogo kwa hiyo siupiti. Kipimo cha kawaida ni inchi 34, yaani milimita 864 hivi. Kwenye besi ya freti unaweza kubonyeza nyuma kidogo ya chuma na noti ikatoka sawa, kwa hiyo mkono mfupi una pa kujificha. Bila freti hakuna msamaha huo. Kidole lazima kifike mahali penyewe. Kwenye inchi 34, nusu toni ya kwanza kutoka juu ina milimita 48, na ukipita oktava inabaki 24. Nyosha vidole vyako vinne juu ya rula uone. Mimi nilishuka hadi inchi 32, milimita 813, na mkono wangu wa kushoto ukaacha kulalamika. Uzi mnene hulegea kidogo kwa urefu huo, nikaongeza unene wa seti ya nyuzi.

Kuhusu mbao za mwili na rangi, chagua upendavyo. Nimeona watu wakibishana miezi juu ya kipande cha mbele chenye mawimbi huku hawajaamua nyuzi. Muhimu zaidi ni uzito, na je, ukiachia mikono besi ikaninginia kwenye mkanda, kichwa kinaanguka? Shingo ikizama, mkono wa kushoto unageuka nguzo, na mkono unaobeba mzigo hautelezi.

Pikapu, yaani sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi: sauti ile ya puani inayoimba inatoka kwenye pikapu ya karibu na daraja (kipande kinachoshika nyuzi mwilini) ikipigwa peke yake. Pikapu za koili moja zikiwa mbili na zote zimefunguliwa huzimana mngurumo. Ukibaki na moja, mngurumo unarudi. Kwa kuwa utabaki na hiyo moja mara nyingi, omba aina inayozima mngurumo yenyewe. Kama kuna saketi ya betri, chomoa waya ukimaliza kupiga, maana kwenye nyingi betri huendelea kuliwa waya ukiwa umechomekwa.

Malipo yaende kwa awamu na picha: amana, kisha sehemu nyingine ukishaona shingo na mwili vimechongwa, salio ukisikia rekodi ya kila uzi ukipigwa polepole kutoka chini hadi juu. Fundi mzuri hakasiriki kwa ombi hilo. Tarehe atakayokupa ongezea moyoni mwako.

Boksi likifika, liache limefungwa hadi kesho yake. Mbao zilizotoka kwenye baridi zikikutana ghafla na chumba chenye joto, rangi inaweza kupasuka. Najua mikono inawasha.

Ukishaifungua, iweke sawa kabla ya kuihukumu. Bonyeza uzi mwanzoni na mwishoni mwa ubao, utazame katikati: uwe na mwanya mdogo, unene wa kadi nyembamba. Ukiwa mkubwa, kaza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, uache saa kadhaa, upime tena. Kwenye kile kijifupa cha juu nyuzi zinapoingilia, zikaribie kabisa kulala kwenye ubao. Hapa hakuna freti ya kuziinua. Penye oktava mimi naweka milimita 2 upande wa uzi mnene na 1.5 upande wa mwembamba. Ule mlio wa "mwaaa" unatokana na uzi kuukwaruza ubao kidogo kwa urefu wake, kwa hiyo ukiuinua sana unapotea, na ukiulaza sana unageuka kelele. Kisha telezesha kidole polepole kwenye kila uzi. Pakiwa na sehemu moja noti inakufa, ubao una kilima. Mrudishie fundi, usisugue mwenyewe.

Nyuzi bapa, zilizozungushiwa waya wa bapa, haziumizi mbao. Za duara zinang'aa na zinakula. Mimi natumia za katikati, zilizosuguliwa nusu.

Sasa masikio. Kidole kinakaa juu kabisa ya mahali pa freti, si nyuma yake. Piga uzi wa A ukiwa wazi, uuache ulie, kisha utafute A hiyo hiyo kwenye uzi wa E, mahali pa freti ya tano. Ukikaribia utasikia sauti zikipigana kwa mawimbi. Mawimbi yakipungua kasi unakaribia, yakitulia umefika. Fanya hivyo gizani. Kutetemesha noti, bingirisha kidole kuelekea mbele na nyuma kwa urefu wa uzi. Usiuvute pembeni kama mpiga solo, utachimba ubao.

Nukta zangu nilizirekebisha kwa kalamu ya rangi nyeupe na rula, na zile za fundi nikaziziba kwa wino mweusi. Mpaka leo ukiinamisha shingo kwenye mwanga unaziona zote mbili, na mpiga kinanda huyo huwa haachi kuzionyesha kwa wageni.