Somo: Kumsaidia mtoto masomo akiwa nyumbani, bila tuisheni

Nimeulizwa hili kwenye simu, harusini, hata foleni ya feri Likoni. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hapa. Ni kwa watoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) hadi gredi ya 4. Wakubwa wana mambo yao.

Hatua ya 1. Chagueni wakati usiobadilika. Kwetu ni baada ya magharibi, mtoto akishatoka chuoni (madrasa) na kula. Nusu saa yatosha. TV izimwe.

Hatua ya 2. Mzungumzishe kwa lugha mnayoongea ndani, mtegee na vitendawili. Kiingereza cha kuwaonyesha wageni achana nacho. Hata mtaala wataka madarasa ya chini yasomeshwe kwa lugha ya eneo.

Hatua ya 3. Hesabu ni dukani. Maziwa ya 60, mayai matatu ya 15 kila moja, mkononi noti ya 200: akutajie chenji kabla hajavaa ndara. Akirudi na 95, alipata. Akirudi na pungufu, mrudini pamoja mkaulize, usimtume peke yake akagombane na mwenye duka.

Hatua ya 4. Kusoma. Hapa ndipo nyumba nyingi huharibu, yangu ikiwemo. Kama hamna vitabu, vibao vya matatu vyatosha kuanzia. Kiswahili husomwa kwa silabi: Bo-mbo-lu-lu, Li-ko-ni, Ko-ngo-we-a. Mtwapa ni M-twa-pa, ile m yasimama peke yake. Sasa mtoto akikwama, mzazi humrukia na jibu. Akizoea hivyo, haangalii tena neno, aangalia mdomo wako! Nyamaza. Hesabu moyoni hadi tano. Bado amekwama? Ziba neno kwa kidole, umwachie silabi ya kwanza tu, kisha ufunue ya pili. Ikishindikana kabisa mwambie, muendelee, msigande hapo.
ONYO: usimcheke, usimpige, usimtajie mtoto wa jirani. Na ukiona akisoma ukurasa mzima bila kukwama, fungua ukurasa wa katikati umjaribu. Huenda kaukariri wote. Ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe zisomesheni siku tofauti, zikija pamoja humchanganya.

Hatua ya 5. Homuweki afanye mwenyewe. Mwalimu aujua mwandiko wako.

Hatua ya 6. Alale mapema.

MASWALI

MamaPacha: Wangu yuko gredi ya 7, hizi hatua zamfaa?
Jibu: Soma aya ya kwanza pale juu, dadangu.

Mpwani_Halisi: Kwani mwalimu analipwa afanye nini? Sisi tulisoma bila haya yote.
Jibu: Ulitumwa dukani ukahesabu chenji, ukategewa vitendawili na bibi. Ulifanya haya yote, ila hukuyaita masomo. Na darasani mwalimu ana watoto wengi, wewe una wako.

Kijana_wa_Tudor: Si nimpe tu simu aangalie video?
Jibu: Mpe. Halafu mwambie akusimulie alichoona, simu ukiwa umeishika wewe. Utajua kama alikuwa akisoma au akitulia tu.

FundiCherahani: Mimi hushinda kwenye cherahani, kusoma kwangu ni kwa taabu. Naweza kumsaidia vipi bintiyangu wa gredi ya 3?
Jibu: Mamangu, wewe una darasa zima mezani! Mpe ile futi ya kamba. Upande mmoja sentimita 150, wa pili inchi 60. Akupime mkono, akuandikie pande zote mbili, mwishowe ataona inchi moja ni sentimita mbili na nusu na kidogo. Vitambaa vilivyobaki akunje nusu, robo, thumuni. Hiyo ndiyo sehemu wanayolilia darasani. Na kwenye kusoma, yeye akusomee wewe. Mtoto anayemsomea mtu anayetaka kweli kujua kilichoandikwa husoma kwa bidii nyingine.
FundiCherahani: Alhamdulillahi. Kumbe vile vipande nilikuwa nikitupa.

MamaPacha: Naomba uitume kwa PDF.
Jibu: Nakili kwa mkono, mtoto akutamkie.

Mvuvi_Mstaafu: Na bahari mbona mwaisahau? Wajukuu zangu nawawekea alama ya chaki kwenye ngazi, maji yakijaa. Kesho yake wanangoja saa ileile, maji hayajafika!
Jibu: Mzee wangu, hii sikuifikiria. Huchelewa kiasi gani?
Mvuvi_Mstaafu: Dakika hamsini hivi kila siku, kwa kuwa yafuata mwezi, si jua. Waandike saa kwenye daftari kuanzia mwezi mwandamo hadi mpevu. Bamvua (maji makubwa) wataiona yenyewe, alama zapanda, kisha maji mafu (madogo) zashuka.
Kijana_wa_Tudor: Ngazi za wapi mzee? Nije na wangu Jumamosi.
Mvuvi_Mstaafu: Popote penye ukuta wa kushukia, huko kwenu Tudor pia pako. Wasishuke bila mtu mzima, na chaki mwende nayo nyingi.