Jinsi ya Kupika Mahindi Mabichi kwenye Chungu cha Umeme cha Kupika Polepole

Kama una haraka, tumia sufuria ya kawaida. Hindi changa likitumbukizwa kwenye maji yanayochemka huiva ndani ya dakika 5 hadi 10, na chungu cha kupika polepole hakiwezi kushindana na hilo. Mimi hukitoa siku ambayo jiko limejaa mapishi mengine, au siku ya wageni wanaofika mmoja mmoja na kila anayeingia anataka hindi la moto. Ukishakiwasha, unaendelea na shughuli zako. Kinachotaka akili ni hindi lenyewe, maana muda wa kupika unategemea ukomavu wake kuliko kitufe utakachobonyeza.

Hatua ya 1: Lipime hindi kwa ukucha

Funua ganda kidogo upande wa juu, ubonyeze punje moja. Yakiruka maji meupe, hindi ni changa na bado lina utamu wake. Maji yakiwa maangavu, lilivunjwa mapema mno. Ukucha ukiingia kwa shida na kilichotoka ni uji mzito, wanga umeshachukua nafasi ya sukari. Hilo nalo linapikika, ila litataka muda zaidi na halitakuwa na utamu ule. Ukucha usipoingia kabisa, hilo ni la kukauka. Liweke kando: mahindi makavu huhitaji kulowekwa na kupikwa kwa namna nyingine kabisa.

Angalia na ndevu zake. Zikiwa kahawia nchani na zinanata kidogo, vizuri. Zikiwa nyeusi na zinateleza, liache.

Sukari ya hindi huanza kugeuka wanga mara tu linapovunjwa shambani, na joto huharakisha mambo. Kwa hiyo lipike siku hiyohiyo, na likibidi kungoja, liweke kwenye friji na maganda yake.

Hatua ya 2: Menya, toa ndevu, kata

Ndevu zinazong'ang'ania katikati ya mistari ya punje huondoka kwa kitambaa chenye maji: sugua kutoka nchani kushuka kwenye kikonyo, huku ukilizungusha.

Mahindi mazima hayakai vizuri kwenye chungu cha mviringo, hivyo nayakata mara mbili. Usilazimishe kisu kupita kwenye gunzi, kitateleza. Zungushia mkato kwenye punje mpaka kisu kiguse gunzi, kisha shika pande zote mbili uvunje kwa mikono.

Hatua ya 3: Panga na utie maji

Visimamishe vipande, upande uliokatwa ukiwa chini. Mvuke unapita kati yake na unapata nafasi ya vipande vingi zaidi. Chungu kikijaa theluthi mbili, inatosha. Mimina maji ya moto hadi nusu ya kimo cha vipande. Maji baridi nayo yanafaa, ila chungu kitatumia muda mrefu kupasha tu. Kama chungu cha ndani cha kauri kimetoka kwenye friji, usikimiminie maji ya moto, kinaweza kupasuka.

Sasa weka siagi, vijiko vikubwa 3 au 4. Hapa ndipo ninapoipendea njia hii. Siagi ikiyeyuka huelea juu ya maji, na kila kipande unachokichomoa hupita kwenye utando huo na kutoka kimepakwa pande zote, mpaka kwenye mianya ambayo kisu cha siagi hakifiki. Ukitaka, weka maziwa badala ya sehemu ya maji, lakini yatie katika nusu saa ya mwisho, kwani yakikaa kwenye moto kwa saa nyingi hukatika.

Hatua ya 4: Funika na usichungulie

Hindi changa: saa 2 hadi 3 kwa moto mkubwa, au saa 4 hadi 5 kwa moto mdogo. Lililokomaa liongezee saa moja au zaidi, kisha ujaribu. Vyungu hutofautiana, kwa hiyo mara ya kwanza anza kukagua muda mfupi unapofika.

Kila ukifunua mfuniko unatoa joto ambalo chungu kitachukua dakika nyingi kulirudisha. Kioo kikifunikwa na mvuke, kigonge tu kwa kidole, matone yatashuka uone ndani. Hindi lililoiva lina punje zilizojaa, rangi imekolea, na ncha ya kisu inazama bila kusukumwa.

Usitumbukize mahindi yaliyoganda kutoka kwenye friza. Chungu kinapanda joto taratibu, na chakula kitakaa muda mrefu mno kwenye uvuguvugu ambao bakteria huupenda. Yayeyushe kwanza ndani ya friji.

Bila maji mengi

Unaweza pia kuacha maganda. Yaloweshe mahindi, kata mikia iliyokauka, yalaze chunguni na kikombe kimoja cha maji, moto mkubwa kwa saa 3. Ganda hutunza unyevu, na ndevu huchomoka kirahisi baada ya kuiva. Wengine huzungushia foili pamoja na siagi, pilipili na majani ya viungo. Ladha inakuwa nzuri, lakini mabaki usiyahifadhi yakiwa yamefungwa kwenye foili hiyo, fungua kwanza.

Hatua ya 5: Kuandaa

Chumvi naitia mezani, kila mtu ajipimie. Ndimu na pilipili ya unga hulifaa sana hindi lililoanza kukomaa, ambalo halina utamu wa kujitegemea.

Mahindi ambayo hayajaliwa yaache majini, kitufe kikiwa kwenye kutunza joto, kwa saa 1 hadi 2. Yakitolewa nje punje hubonyea zinapopoa. Joto lisishuke chini ya nyuzi 60 za Selsiasi.

Yanayobaki pukuchua, weka friji, tumia ndani ya siku 3 au 4. Magunzi usiyatupe bado: yarudishe kwenye majimaji yaleyale ya siagi kwa saa moja ya moto mkubwa, chuja, na una mchuzi wa kuanzia supu. Chungu cha ndani kioshe kikishapoa.