Presha ya oili ikiwa chini baada ya kufunga injini upya: Massey Ferguson 135

Nimetoka kumsaidia mzee mmoja wa Babati ambaye trekta lake la 135 lilifunguliwa injini yote, ikafungwa upya na ikawaka vizuri, lakini kila ikipata moto sindano ya presha ya oili inalala. Alikuwa ameshanunua pampu mpya na hali ikabaki vilevile. Injini ninayoizungumzia ni Perkins AD3.152, diseli ya silinda tatu, ila utaratibu huu unafaa kwa injini nyingi za rika lake.

Hatua ya 1: Funga geji unayoiamini

Geji ya dashibodi imekaa juani miaka 50, usiisikilize. Tafuta geji ya mitambo ya paundi 0 hadi 100 (kwa inchi mraba) na uifunge kwenye tundu la njia kuu ya oili ubavuni mwa bloku. Geji za umeme sizitaki kabisa kwenye kazi hii. Litumikishe trekta mpaka injini ipate moto wa kawaida, ndipo usome. Kwenye mwendo wa juu Perkins inataka paundi 30 hadi 60. Injini ikizunguka polepole namba itashuka, na kushuka huko peke yake si ugonjwa.

Hatua ya 2: Nusa oili

Kama kiwango kwenye kijiti kinapanda chenyewe au oili inanuka diseli, achana na beringi (vikombe vinavyoshika kranki, shafti kuu ya injini) kwanza. Huenda diaframu ya pampu ndogo inayovuta diseli kutoka tangini imetoboka, au sili ya pampu inayolisha nozeli inavuja. Rekebisha, badilisha oili na filta, pima tena.

Usimwage oili nzito ili sindano inyanyuke. Itanyanyuka kweli, lakini nafasi iliyopanuka kati ya beringi na shafti itabaki palepale na kranki itaendelea kuliwa.

Hatua ya 3: Tazama tabia ya sindano

Presha nzuri asubuhi, mbovu injini ikipata moto: beringi zina nafasi kubwa, au pampu imelika. Presha ndogo asubuhi na mchana, na ukikanyaga mafuta haipandi: shuku valvu ya kupunguza presha, imekwama wazi au springi yake imechoka. Sindano inayotetemeka, au inayoanguka mwendo ukiongezeka: pampu inavuta hewa kwenye maungio ya bomba la kunyonyea, au chujio lake limeziba, mara nyingi kwa silikoni ya gasketi iliyopakwa kwa wingi.

Hatua ya 4: Shusha sampu

Sampu ya 135, yaani bakuli la oili chini ya injini, ni chuma cha kusubu na ni sehemu ya uti wa trekta, kwa hiyo sehemu ya mbele lazima itengane nayo. Weka stendi za chuma chini ya gia boksi na kabari za mbao kwenye ekseli ya mbele ili isipinduke. Jeki peke yake inaua.

Hatua ya 5: Lisha oili kwa presha kutoka nje

Mafundi wengi wanairuka hatua hii, kisha wanabadilisha vipuri kwa kubahatisha. Chukua mtungi wa chuma uliotengenezwa kuhimili presha, wenye rejeta na valvu ya usalama. Dumu la plastiki hapana, litapasuka usoni mwako. Tia oili ileile ya injini, unganisha mpira kwenye tundu la geji, fungulia upepo mpaka paundi 25 au 30. Pampu ukiwa umeitoa, ziba tundu lake la kupeleka oili kwenye bloku.

Sasa lala chini na tochi. Beringi nzima inadondosha matone. Beringi mbovu inatoa mkondo.

Lakini usikate shauri kabla ya kuzungusha kranki kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili. Tundu la kranki likikutana na tundu la beringi ya meni (inayoshika kranki kwenye bloku), beringi ya konrodi (mkono wa pistoni) inayolishwa hapo inaweza kumwaga ghafla kana kwamba imekufa, na ukisogeza kidogo inatulia. Hiyo ni nzima. Mkondo usiokoma kranki ikiwa popote ndio unaoutafuta. Usipime oili ikiwa ya baridi kali, kwa sababu ikiwa nzito inaficha uvujaji. Roka zinazosukuma valvu zitapata oili kwa vipindi, maana zinalishwa kupitia kemshafti, usishtuke.

Angalia pia plagi za njia ya oili. Anayeosha bloku huzitoa, na moja ikisahaulika nyuma ya kava la taimingi, oili inamwagika ndani kwa ndani bila tone kuonekana nje.

Kwa mzee wa Babati mkondo ulitoka meni moja tu. Beringi zilikuwa 020 (za shafti iliyosagwa inchi 0.020) kama ilivyotakiwa, ila shafti hapo ilikuwa imesagwa kupita kiasi kwa inchi 0.003. Inaonekana ndogo, lakini nafasi ikiwa mara mbili, oili inayopenya kwa presha ileile ni mara nane. Ndiyo maana pampu mpya haikumsaidia.

Hatua ya 6: Pima

Maikromita kwenye shafti, geji ya ndani kwenye beringi ikiwa imefungwa kwa torki kamili. Uzi wa plastiki wa kubonyeza nautumia kuhakikisha tu. Kadirio la kuanzia la nafasi ya oili ni inchi 0.001 kwa kila inchi ya kipenyo cha shafti, na meni za Perkins hii ni kama inchi 2.75, kitabu cha injini ndicho chenye neno la mwisho. Soma namba mgongoni mwa kila beringi, na hakikisha nusu yenye tundu imekaa upande wa bloku.

Hatua ya 7: Rudisha

Jaza pampu oili kabla ya kuifunga, badilisha gasketi ya bomba la kunyonyea, vuta stopu na upige stata mpaka geji isome ndipo uwashe. Injini ikipata moto soma tena, polepole na kwa mwendo wa juu, na uandike namba zote mbili kwa rangi chini ya boneti ili fundi ajaye awe na cha kulinganisha.