Mizania ya Kaya: Jinsi ya Kukuza Mali kwa Mshahara Tangu Ajira ya Kwanza Hadi Kustaafu

Katika kazi yangu ya kushughulikia mikopo ya SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) hapa Tanzania, nimeona watumishi wenye mishahara inayolingana wakistaafu katika hali tofauti kabisa, na mara nyingi kilichowatofautisha ni namna walivyobeba madeni.

Hatua ya 1: Andaeni mizania. Kila mwaka, tarehe ileile, mume na mke waorodheshe mali zao, kisha watoe madeni yote. Tuchukue mfano wa kaya yenye kiwanja cha shilingi 12,000,000, akiba ya SACCOS 4,500,000, vipande vya UTT (sehemu katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja) 2,800,000 na pikipiki ya 1,700,000: jumla ni 21,000,000. Ikiwa salio la mkopo wa benki ni 9,400,000 na duka la vifaa vya ujenzi linadai 600,000, mali halisi ni 11,000,000.

Kila kitu kiandikwe kwa bei ambayo mnunuzi angelipa leo. Pagale lililoishia kwenye linta huandikwa na wengi kwa gharama ya saruji na nondo zilizokwishatumika, ilhali mnunuzi huuliza kwanza kama kiwanja kimepimwa na kina hati. Andikeni bei yake huyo, hata ikiuma.

Hatua ya 2: Hakikini michango ya pensheni. Kwa mwanachama wa NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) aliye katika sekta binafsi, mchango ni asilimia 20 ya mshahara, ukijumuisha sehemu ya mwajiri. Ombeni taarifa ya michango na kuilinganisha na hati za mshahara, mwezi kwa mwezi, kwa sababu pengo la miaka mingi ni gumu kulifuatilia mwajiri akishafunga ofisi.

Hatua ya 3: Malizeni mkopo kabla ya kuchukua mwingine. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Katika mkopo wenye riba ya salio linalopungua, yaani riba inayokokotolewa kwa deni lililobaki, marejesho ya mwanzo hubeba riba nyingi na kupunguza deni kidogo. Anayekopa tena katikati hutumia sehemu ya mkopo mpya kulipa salio la zamani, kisha huanza upya kipindi kile kile cha riba kubwa. Makato hayakomi, na deni halishuki.

Hatua ya 4: Wekezeni kwa mpangilio. Anzeni na fedha za dharura za miezi mitatu, lakini msizitegemee akiba za SACCOS, kwani mara nyingi hushikiliwa kama dhamana ya mkopo; Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ambao fedha zake hutolewa kwa haraka, unafaa zaidi. Baada ya hapo, hatifungani za Serikali (mkopo unaoipa Serikali) hulipa riba kila baada ya miezi 6: kwa riba ya asilimia 12, shilingi 5,000,000 huleta 300,000 kila awamu. Mshahara ukipanda, nusu ya nyongeza ielekezwe huko mwezi huohuo, kabla matumizi hayajaizoea.

Hatua ya 5: Wekeni majina sawasawa. Hati ya kiwanja ibebe majina ya wanandoa wote wawili, na fomu za warithi katika SACCOS na mfuko wa pensheni zihuishwe kila mtoto anapozaliwa.