Kabla mtoto hajaenda kucheza kwa jirani: mambo ya kuzingatia kuhusu bunduki

Mtoto akialikwa kulala kwa rafiki yake, mzazi huwa na maswali yake. Mbwa anafungwa? Usiku kuna mtu mzima? Dawa ya pumu atakumbushwa na nani? Hayo tunayauliza bila haya. Swali la bunduki ndilo linalotukwama kooni, kana kwamba kuliuliza ni kumwita mwenye nyumba jambazi. Kwangu mimi ndilo la kuanza nalo.

Nchini Marekani, tangu 2020, risasi zinaua watoto na vijana wa umri wa mwaka 1 hadi 19 kuliko kitu kingine chochote. Zimezipita hata ajali za magari. Ukisikia hivyo, akili inakimbilia magenge, au mtu aliyevamia shule. Mauaji ni sehemu kubwa ya vifo hivyo, ni kweli. Lakini wamo pia vijana waliojiua kwa bastola ya mzazi, na wamo wadogo waliokuwa wanachezea tu kitu walichokikuta chini ya mto. Hao wa makundi mawili ya mwisho, mara nyingi kisa chao kinaanzia kwenye silaha ambayo mtu mzima hakuifungia. Mzazi hana uwezo wa kuzima ugomvi wa mtaa mzima, ila kwenye droo ana uwezo.

Anza na droo ya nyumbani kwako, kama silaha ipo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2005 ulitazama mambo manne: bunduki kufungiwa, bunduki kutolewa risasi, risasi zenyewe kufungiwa, na risasi kuwekwa mbali na bunduki. Kila moja kwa nafsi yake lilihusiana na kupungua kwa hatari kwa watoto na vijana wa nyumba hiyo. Yafanye yote manne. Na ukisema umetoa risasi, hakikisha umetoa kweli: kuchomoa magazini, yaani kile kikasha cha risasi, hakutoshi, maana risasi moja inaweza kuwa imeshaingia chemba, pale ndani ya bunduki inapofyatuliwa. Ni hiyo inayoua mara tu mtu anapomaliza kusema, "Hii haina kitu." Ufunguo nao ukining'inia msumarini nyuma ya mlango, hapo hujafunga.

Kuficha si kufungia. Mwaka 2006 watafiti waliwauliza wazazi wenye bunduki, kisha wakawauliza watoto wao pembeni. Kati ya wazazi waliosema mtoto wao hajui silaha inapowekwa, karibu 4 kati ya 10 walikanushwa na mtoto mwenyewe. Na waliosema mtoto hajawahi kuigusa, zaidi ya mmoja kati ya watano alikanushwa vilevile. Sishangai. Mtoto anayejua umemfichia wapi simu uliyomnyang'anya anajua na mengine.

"Lakini wangu nimemfundisha." Tunaipenda sana sentensi hii. Mwaka 2001 kulichapishwa jaribio lililofanyika Atlanta, Marekani, ambalo kila mzazi angepaswa kulijua. Wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12 waliingizwa, wawili wawili au watatu watatu, kwenye chumba chenye droo, na watafiti wakawa wanawatazama kwa kioo cha upande mmoja. Droo mbili zilikuwa na bastola za kuchezea maji. Ya tatu ilikuwa na bastola halisi, iliyofanywa isiweze kufyatua. Dakika 15 tu. Vikundi 21 kati ya 29 viliikuta ile halisi. Vikundi 16 viliishika. Katika vikundi 10 alikuwapo mtoto aliyevuta kifyatuo kwa nguvu ya kutosha kutoa risasi. Karibu nusu ya walioikuta walidhani ni ya kuchezea, au hawakuwa na hakika. Na zaidi ya 9 kati ya 10 ya walioishika walisema walishawahi kufundishwa habari za usalama wa bunduki.

Kwa hiyo mfundishe, ila usiegemee mafunzo. Maneno yawe machache: usiguse, ondoka, mwite mtu mzima, hata kama mwenzako anasema ni ya bandia. Umwahidi pia kwamba akija kusema hatagombezwa kwa kufungua droo isiyo yake, kwa sababu woga wa kugombezwa unaziba midomo mingi. Kisha igizeni. Mwache atoke chumbani kwa miguu yake aje akuite, mara kadhaa, siku tofauti. Kuna watoto wanaoimba kanuni yote bila kukosea, halafu wakiachwa peke yao na bastola wanaishika.

Sasa nyumba za wengine. Kuuliza kunakuwa rahisi ukilichanganya swali na mengine, na ukiliuliza siku moja au mbili kabla, watoto wakiwa mbali. Ujumbe wa simu unatosha: "Dada, asante kwa kumwalika kijana wetu. Dawa yake nitaiweka kwenye begi, na yeye huogopa mbwa kidogo. Halafu samahani, hili huwa namwuliza kila mtu: hapo nyumbani kuna silaha? Kama ipo, inafungiwa?" Maneno "kila mtu" ndiyo yanayoondoa tusi. Ukijibiwa, "Ipo, ya baba watoto, iko juu ya kabati," basi bado haijafungiwa. Jibu kwa upole, "Basi safari hii waje walale kwangu." Huna haja ya kuhubiri.

Ugumu upo kwa wazee. Kumwuliza babu kuhusu bunduki yake ya miaka mingi kunaonekana ni utovu wa adabu. Msalimie kwanza, kisha lifanye ombi: "Babu, wajukuu wakija naomba unisaidie, ile bunduki tuiweke chini ya kufuli." Wako pia wageni wanaobeba silaha kwa kazi au kwa hiari, wakatua begi kwenye kochi na kwenda msalani. Begi hilo nalo liulizwe.

Kwa kijana mkubwa hatari inabadilika sura. Anayejaribu kujiua kwa bunduki hufa karibu mara 9 kati ya 10, wakati wengi wa wanaojaribu kwa njia nyingine nyingi huokolewa, na walio wengi kati yao hawafi kwa kujiua baadaye. Wazo lenyewe linaweza kuja na kupita ndani ya saa chache. Ukiona amejifungia chumbani, anagawa vitu vyake, anasema angekuwa hayupo ingekuwa afadhali, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Tafuta msaada wa daktari au mshauri siku hiyohiyo, na silaha itoke nyumbani kabisa kwa kipindi hicho, kwa njia ambayo sheria inaruhusu. Usihesabu kufuli peke yake: kijana wa miaka 16 huenda anaijua namba ya sefu.

Nje ya nyumba mzazi ana machache ya kufanya, ila yapangwe mapema. Mlio wa risasi ukisikika, mtoto alale chini palepale, kisha atambae mbali na dirisha. Asikimbilie kuchungulia wala kurekodi. Mlango wa gari hausimamishi risasi, upande wa injini una nafuu. Namba moja ya simu aijue kwa kichwa. Usiku wa sherehe ambapo watu hupiga risasi hewani, watoto wakae ndani, maana risasi iliyopanda hushuka mahali fulani.

Mtu akipigwa, pigeni simu ya dharura, na damu isimamishwe bila kungoja gari. Kandamiza kwa kitambaa safi na uzito wako wote, wala usikiinue kila mara kuangalia. Kama ni mkono au mguu na damu inachuruzika bila kukoma, mkanda mpana wa kukaza ufungwe kati ya sentimita 5 na 8 juu ya jeraha, upande wa kuelekea kiwiliwili, usipite kwenye goti wala kiwiko, na saa uliyofungwa iandikwe. Mafunzo haya huchukua saa chache; yatafute kabla ya kuyahitaji.

Asubuhi ya baada ya milio, mtu mzima atangulie kutoka. Watoto hupenda kuokota maganda ya risasi na kubadilishana, na katikati ya maganda inaweza kuwapo risasi nzima. Isiguswe na yeyote, watoto warudishwe ndani, polisi waitwe waje kuichukua.